Kuku wa Vertulie

Huku Granfon mpishi halipwi asante, analipwa ukoko. Ndivyo tulivyowakuta bibi zetu. Ukipika wali wa msiba, au wa vijana waliokuja na majembe kukusaidia kulima, wali ni wa watu, lakini kile kilichoshika chini ya sufuria ni chako wewe uliyekaa na moshi. Hata mwenye mchele akitamani kipande anakuja kwa adabu, anasimama mlangoni mwa jiko, anachekacheka: "Mama, leo imeshika?" Ukimpenda unamkwangulia. Usipompenda, na aende zake.

Vertulie hakumkwangulia mtu. Ukoko wake ulikuwa na mwenyewe.

Alikuwa mpishi wa misheni, kule juu kanisani, ambako watoto wa shule walipewa wali na maharage kila mchana. Mchele ulitoka kwa wageni wa ng'ambo. Mchungaji Egzalis aliupima mwenyewe asubuhi kwa kopo, na sheria yake ilikuwa moja: chakula ni cha watoto, kinaliwa ndani, hakivuki mlango. Mpishi aliyemtangulia Vertulie alikutwa na kikopo cha wali chini ya sketi. Alisimamishwa mbele ya kanisa zima siku ya Jumapili, na wiki hiyohiyo akahama, kwa aibu. Lakini ukoko si wali. Ukoko ni ukoko. Mchungaji mwenyewe mama yake alikuwa mpishi, na asingethubutu kuuliza unakwenda wapi.

Ulikwenda kwa Orelia, mama yake Vertulie, ambaye alikuwa hana jino hata moja la kuapia, miguu imemvimba, macho yameingia ukungu. Zamani Orelia alikuwa na shamba la mtama na mbaazi pale bondeni, na wanaume wakimwogopa sokoni Jean-Rabel kwa ulimi wake. Mvua ikakataa. Miti ikakatwa ikawa makaa, makaa yakaenda mjini, na mlima ukabaki mifupa. Wanawe wa kiume wawili walipanda mashua kwenda kutafuta kazi Nassau, ng'ambo ya bahari, na mume wa Vertulie akapanda nao mashua hiyohiyo. Tangu hapo kimya. Vertulie alizaa mara mbili na kuzika mara mbili. Wakabaki wawili tu, mama na binti, na ule ukoko.

Kila jioni Vertulie aliuloweka kwenye maji ya moto na chumvi kidogo, akaukandakanda kwa mwiko mpaka ukalainika ukawa kama bokoboko, na Orelia akala taratibu kwa kijiko, ameegemea kiambaza. Hicho ndicho kilichokuwa chakula chake. Hakikuwapo kingine.

Tuseme kweli: Vertulie alikuwa fundi. Wali ukikaribia kuiva alikuwa akitia kijiko cha mafuta pembezoni, anapanga makaa juu ya kifuniko, halafu anakaa mbali na mwiko kabisa, asikoroge. Ukoko wake ulitoka mnene, wa rangi ya asali. Mchungaji alikuwa akipita anachungulia.

"Dada Vertulie, mimi nimepimia watoto. Sikupimia sufuria."

"Mchungaji, sufuria nayo ina njaa."

Wote wawili wanacheka, na mambo yanaishia hapo.

Wageni walikuja kila mwaka mwezi wa Juni, wamevaa fulana za rangi moja kama timu ya mpira. Walicheza na watoto, waliimba, walilia, walipaka rangi ukuta wa shule. Ukuta ule ulipakwa rangi kila Juni mpaka ukanenepa, na sisi wenyewe hatukunenepa. Tulikuwa tukisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya, waliopona walikuwapo, tusiwe wachoyo wa shukrani: watoto walikula. Lakini palikuwa na habari ya kalenda.

Mwaka ule wa kimbunga, kilipong'oa mapaa yote ya Granfon, wageni waligawa uji uwanjani pa kanisa. Orelia alikuwa ameshinda siku kadhaa na njaa. Alipewa uji kwenye bakuli lake la bati la bluu, akalinyanyua kwa mikono miwili, akaunywa palepale, umemtiririka kidevuni. Mtu akampiga picha. Mwaka uliofuata misheni ilileta kalenda, zikatundikwa kanisani, ofisini, hata kwa muuza mafuta ya taa, na mwezi wa Agosti ulikuwa Orelia, mdomo wazi, uji kidevuni. Agosti nzima watu walimsalimu, "Habari za leo, Bi Kalenda?" Watu wa kwetu hawana huruma wakipata cha kuchekea. Orelia, aliyekuwa akiogopwa sokoni, hakushuka sokoni tena. Alisema, "Wamenichukua nikiwa na njaa, wamenitundika." Na huyo ndiye mwanamke ambaye hata ungemkuta anakufa, ukamuuliza hali, angekujibu, "Si haba, Mungu mkubwa. Nimeshakula."

Basi Juni ya kisa hiki kiongozi wa wageni alikuwa Bi Karlin. Mwanamke mkubwa, uso mwekundu, machozi karibu. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo penye kuudhi, kwa maana mtu mbaya unajua la kumfanyia. Alifua, alibeba maji, alikwaruzika mikono. Siku moja aliingia jikoni bila hodi, Mchungaji nyuma yake kama mkalimani, na wageni wengine wawili wenye kamera shingoni. Walimkuta Vertulie amezama katika sufuria kuu nusu ya mwili, anakwangua. Pembeni palikuwa na ndoo yenye vipande vya kahawia, na vingine kweli vilikuwa vimeungua, vyeusi.

Bi Karlin alijishika kifua. Akasema maneno mengi. Mchungaji akatafsiri machache, kama kawaida yake.

"Anauliza, hivyo vilivyoungua unavipeleka wapi?"

Vertulie alisimama, akajifuta mikono. Jibu lilikuwa jepesi: nampelekea mama. Lakini aliziona zile kamera. Akaona kwa akili yake wageni wakishuka bondeni, wakiinama kwenye mlango wa mama yake, mama akitafuta kitambaa cha kichwa kwa kupapasa. Ulimi ukageuka wenyewe.

"Mwambie ni vya kuku."

Mchungaji alimtazama. Alijua fika kwamba Vertulie hana kuku hata mmoja, wala unyoya wake.

"Vya kuku?"

"Vya kuku, Mchungaji. Kwani umesikia vya ng'ombe?"

Mchungaji akatafsiri. Uso wa Bi Karlin ukang'aa. Kumbe naye huko kwao alikuwa mfugaji! Akatoa simu, akaonyesha kuku wanono wekundu, kila mmoja na jina lake.

"Anauliza, wako ni wangapi?"

"Mwambie si wengi."

"Anauliza, wanataga?"

"Mwambie walishaacha kutaga siku nyingi."

Mchungaji alikohoa, akaangalia dari. Bi Karlin akamkumbatia Vertulie na masizi yake yote, akasema kitu, na kikatafsiriwa kuwa ni ahadi: hatamsahau, yeye wala kuku wake.

Jioni Vertulie alimsimulia mama yake. Orelia alisikiliza, kijiko hewani.

"Kumbe mimi ni kuku?"

"Kuku mzee, mama. Uliacha kutaga zamani."

Orelia alicheka mpaka akapaliwa, Vertulie akampiga mgongoni, naye akaendelea kucheka. "Umefanya vema," alisema alipopata pumzi. "Kuku hapigwi picha."

Ilikuwa Oktoba lori lilipopanda mlima. Lilishusha jiko la gesi, mitungi, na sufuria mbili kubwa mpya, nje zinang'aa, ndani nyeusi laini kama ngozi ya nyoka. Wageni walikuwa wamechanga. Mpishi wetu, walisema, asikohoe tena kwa moshi, na chakula cha watoto kisiungue tena. Zile sufuria za chuma, nzito, zenye miaka, Mchungaji alizipakia kwenye lori hilohilo kwenda kanisa dogo la upande wa pili. Mwisho kabisa wakashusha gunia moja la chakula cha kuku, lenye picha ya kuku mwekundu. Juu yake Bi Karlin alikuwa ameandika kwa wino mnene, kwa mkono wake, VERTULIE.

Wanafunzi wakapiga makofi. "Kuku wa Mama Ukoko wamepata msaada!"

Kesho yake Vertulie alipika kwa jiko jipya. Hakukohoa. Kweli hakukohoa, na macho hayakumwasha, na alifurahi kama mtu mwingine yeyote. Wali ulipoiva aliinamisha sufuria, na wali wote ukateleza ukatoka, punje na punje, chini pakabaki pasafi. Sahani za watoto siku hiyo zilijaa kuliko siku zote. Watoto walishangilia. Vertulie alisimama na chuma chake cha kukwangulia mkononi, akawa hana pa kukipeleka.

Alijaribu. Aliacha moto juu, aliacha kukoroga, alitia mafuta. Ng'o! Wali ulikauka, ukanuka, haukushika. Alipojaribu kuparura, utando mweusi ukaanza kubanduka, na Mchungaji akaja mbio.

"Dada, hiyo haikwanguliwi! Wamesema ikikwanguliwa ni sumu kwa watoto."

"Sufuria isiyoshika, Mchungaji, ni sufuria ya nani?"

"Ni ya kisasa."

Alivumilia wiki hiyo. Aliazima unga, akachuma majani ya porini, akauza shuka lake jema. Halafu akaenda ofisini kwa Mchungaji, akafunga mlango.

"Mchungaji, wewe unamjua kuku wangu."

Egzalis aliweka kalamu chini. "Namjua."

"Basi analala njaa."

"Nami nifanye nini, dada yangu? Kile kilichokuwa kinashika chini sasa kiko tumboni mwa watoto. Nikitoe humo?"

Hilo lilimchoma Vertulie, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amelala nalo siku nyingi. Aliwaona wale watoto kila mchana wakiramba sahani. Wengine walikuwa wa Filomiz, jirani yake, ambao aliwapokea kwa mikono yake siku walipozaliwa.

"Mwingize mama kwenye ukumbi basi. Atakula na watoto."

"Nikimwingiza Orelia, kesho wazee wote wa bonde hili wako mlangoni pangu. Nimrudishe yupi?"

"Basi mpigie simu Bi Karlin. Mwambie nilisema uongo. Mwambie si kuku, ni mama yangu. Mwambie huku wapo wazee wenye njaa."

Mchungaji aliitwaa tena kalamu, akaigeuzageuza. "Nitamwambia. Hilo si hisani kwako, hata mimi linanilemea. Lakini unawajua. Watataka kumwona, watataka picha. Bila picha hakuna anayechanga huko. Nenda kamuulize mama yako kwanza. Akikubali, leo hii napiga."

Vertulie alishuka bondeni anakimbia, mwanamke wa umri wake. Orelia alikuwa amekaa mlangoni, uso kwenye jua. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Hapana."

"Mama, ni picha tu."

"Picha tu! Wewe ulitundikwa lini? Mimi nilitundikwa mwezi mzima, watu wanapita wanatazama koo langu. Njaa yangu ni yangu, Vertulie. Ndicho kitu kilichobaki ambacho ni changu. Usiipeleke kanisani."

"Utakufa."

"Nitakufa. Kwani Bi Karlin amesema hatakufa?"

Vertulie alilia kwa hasira. Alimwita mama yake jeuri, alimwita punda, maneno ambayo mtu hamwambii mama yake, na Orelia akayapokea yote huku anatikisa kichwa, kana kwamba anasifiwa. Filomiz alisikia kelele akaja, mikono kiunoni.

"Bi Orelia, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Na mfichua je? Huumbuliwa na watu. Nenda kaangalie watoto wako."

Vertulie hakurudi ofisini. Mchungaji naye hakuuliza tena. Tulimlaumu baadaye, lakini wakati ule nani kati yetu aliyekwenda kuuliza?

Lile gunia lilining'inizwa kwenye boriti ili panya wasilifikie. Vertulie alikuwa amepania kuliuza. Nani anunue? Huku kwetu kuku anajitafutia. Alipolipeleka sokoni wachuuzi walimcheka: "Kuku wa kununuliwa chakula! Nipe mimi nile, nitakutagia mayai mawili!" Akarudi nalo kichwani.

Novemba ikaisha, mbaazi zikakauka zikiwa maua. Jioni moja Vertulie alilishusha gunia. Alichota, akanusa. Mahindi, harufu ya samaki, vumbi jeupe la makombe ya baharini yaliyosagwa. Akapepeta, akatoa magamba kwa mkono, akatwanga, akapepeta tena, akapika uji mzito, akautia chumvi na kipande cha kitunguu. Kwanza alionja yeye. Alingoja mpaka asubuhi aone kama atakufa. Hakufa.

"Mahindi ya wapi haya?" Orelia aliuliza baada ya kijiko cha kwanza.

"Ya msaada, mama."

Orelia alisugua ulimi kwenye ufizi, akatema chembe ya kombe kwenye kiganja, akaipapasa kwa kidole. Kisha akainua shingo, akatikisa kichwa mara mbili, akalia: "Kooo-ko-ko-kooo!"

Vertulie alijifunika uso kwa aproni.

"Usinifanye mjinga, mwanangu. Nimefuga kuku kabla hujazaliwa. Lete kijiko. Heri nile cha kuku nyumbani kwangu kuliko nile cha binadamu mbele ya kamera."

Wakaishi hivyo. Kila jioni Vertulie akiweka bakuli la bluu mapajani pa mama yake, Orelia alilia kama kuku, na mara nyingine walicheka. Siku ya mwaka mpya, ambayo huku kwetu hakuna nyumba inayokosa supu ya boga hata ikiwa ya kukopa, Filomiz aliwaletea nusu ya boga. Vertulie aliipika supu, ikawa nyepesi mno, akaiongezea uzito kwa kile cha gunia. Orelia alikunywa akasema mwaka umeingia vizuri. Usiku huohuo tumbo likaanza kumwendesha.

Likapoa, likarudi. Likapoa, likarudi kwa nguvu zaidi. Vertulie aliacha kumpa kile cha gunia, na kwa kuwa hapakuwa na kingine akampa tena. Mpaka leo hajui kilichomuua mama yake ni gunia au ni kukosa, na hakuna daktari atakayepanda mlima kumwambia. Kwaresima Orelia alikuwa mwepesi hivi kwamba Vertulie alimbeba nje juani kwa mkono mmoja na kiti kwa mkono mwingine. Siku ya mwisho Filomiz alikuja kumwangalia, akamuuliza hali.

"Si haba," Orelia akasema. "Nimeshakula."

Mchungaji aliposikia msiba alileta gunia zima la mchele, maharage, na mafuta. Ndiyo desturi, msiba lazima ulishwe. Alipokuwa hai Orelia hakupata kopo, alipokufa alipata gunia, na watu wa bonde lote walikuja wakala wakashiba, wakasema Orelia amezikwa kwa heshima. Vertulie alipika wali wa mama yake mwenyewe, hakukubali mtu mwingine ashike mwiko. Filomiz alimwazima sufuria ya chuma. Watu walipoondoka alichungulia ndani, akauona ukoko umeshika, mnene, rangi ya asali, haujaungua popote. Akaukwangua wote. Akauloweka kwenye maji ya moto na chumvi, akaukanda, akautia kwenye bakuli la bluu, na alipogeuka nalo akakumbuka kwamba hakuna mtu. Alikaa nalo mapajani mpaka likapoa.

Orelia alizikwa uani, nyuma ya nyumba, kama tunavyowazika watu wetu. Vertulie alipanga mawe, akayapaka chokaa.

Juni ikafika na fulana zake. Safari hii zilikuwa za kijani. Bi Karlin alishuka garini akamtafuta Vertulie kabla ya mtu mwingine yeyote, akamkumbatia, akamshika mabega akamtazama kifua kama anayesikiliza kikohozi. Halafu akamwambia Mchungaji jambo, anaruka kidogo kwa furaha.

"Anasema…" Egzalis akasafisha koo. "Anasema, anataka kuwaona kuku."

"Nimemwambia njia ni mbaya," Mchungaji alisema haraka. "Hasikii. Ameota habari zao mwaka mzima, anasema. Amewaahidi watu wa kanisa lao picha."

"Na aje," Vertulie akasema. Akavua aproni, akatangulia.

Walishuka bondeni watatu. Walipofika ukingoni mwa ua Mchungaji alisimama, kama mtu mwenye malezi anavyosimama, akapaza sauti, "Heshima!" Mwenye nyumba hujibu "Taadhima!" ndipo mgeni aingie. Vertulie alikuwa amekwisha kuingia, na hakujibu. Bi Karlin, ambaye hakujua kwamba hajakaribishwa, aliingia anatabasamu, kamera shingoni, akainama akachungulia chini ya kichanja, nyuma ya pipa, akiita kwa sauti ile wanayoitia kuku huko kwao.

"Anauliza wako wapi," Mchungaji akasema kwa sauti ya chini.

Vertulie alisimama wima. "Mwambie sikuwa na kuku. Mwambie alikuwa mama yangu. Ule ukoko alikuwa akila mama yangu, nami niliona haya kusema. Sufuria zake zilipokuja, ukoko uliisha. Gunia lake nilimpikia mama. Amekufa. Yule pale. Mwambie yote, Mchungaji, usipunguze."

Mchungaji Egzalis alifungua mdomo. Alimtazama Bi Karlin, akatazama kule juu ambako watoto walikuwa wakiimba kabla ya chakula, akasema maneno ya kigeni, machache, laini.

Vertulie hakujua lugha ile. Lakini mtu huhitaji kujua lugha kuona kilichofika usoni pa mwenzako? Bi Karlin alisema "Ooh," akainamisha kichwa upande, akampapasa Vertulie mkono, kidogo tu, kama unavyompapasa mtu aliyepotelewa na kuku. Kisha akatabasamu kumtia moyo, akaonyesha vidole: atamletea wengine.

"Umemwambia nini?"

"Dada Vertulie, tafadhali. Wakienda hawa, watoto wale…"

"Umemwambia nini, Egzalis?"

Hakuwa amewahi kumwita hivyo, kavu, bila cheo. Mchungaji alitazama viatu vyake. "Nimemwambia wamekufa kwa ugonjwa."

Vertulie aliingia ndani. Wakamsikia akivuta kitu. Alitoka na lile gunia lenye picha ya kuku mwekundu na jina lake, limebaki kama robo, na bakuli la bluu, na kijiko. Akakaa kwenye kiti cha mama yake, kando ya kaburi. Akachota kwa kiganja, akatia kwenye bakuli, akamimina maji, akakoroga. Hakupepeta, hakutwanga. Akala. Makombe yakasikika menoni mwake. Alikula kijiko cha pili, cha tatu, huku amemkazia macho Bi Karlin, uji wa vumbi umemtiririka kidevuni, naye hakuufuta.

Bi Karlin alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. Akamgeukia Mchungaji, akauliza kitu. Akauliza tena.

Vertulie akanyoosha kijiko kwenye yale mawe ya chokaa. Kisha akainua shingo, akatikisa kichwa mara mbili, akalia kama alivyokuwa akilia mama yake: "Kooo-ko-ko-kooo."

Bi Karlin alitazama kaburi. Akatazama gunia, na ule mwandiko wake mwenyewe. Akatazama kijiko. Wekundu ukamtoka usoni wote. Alikaa chini palepale, vumbini, na Mchungaji alipoanza kueleza akamnyamazisha kwa mkono. Kamera ilikuwa mapajani mwake na hakuigusa.

Huku kwetu mtu hali mbele ya mgeni bila kumkaribisha, hata kama mgeni huyo ameingia bila kuitikiwa. Vertulie alikifuta kijiko kwa upindo wa gauni lake, akamsogezea bakuli la mama yake.

"Karibu," akasema. "Mwambie karibu, Mchungaji. Hilo unaweza."